Kipande cha "Lugha Nyingine": Uhakiki wa Swali Moja la Chati

Wahakiki wetu wamezoea kupima riwaya, tamthilia na mashairi. Ni nadra washike karatasi ya mtihani wakaisoma kama matini. Hata hivyo, karatasi ya mtihani husomwa kwa makini kuliko vitabu vingi tunavyovifundisha, maana msomaji wake ana haja nayo. Katika makala haya twakusudia kuchunguza swali moja tu la kueleza chati, litokalo katika mazoezi ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Huu ndio mtihani ambao Mkenya, ajapokuwa amefundishwa masomo yake kwa Kiingereza tangu darasa la nne, mara nyingi hutakiwa kuufanya kabla ya kupokewa na chuo kikuu cha Uingereza.

IELTS ulianza mwaka 1989. Karatasi yake ya kuandika, kwa wale wanaotaka kuingia chuoni, ina kazi mbili zifanywazo kwa dakika 60. Katika kazi ya kwanza mtahiniwa hupewa chati, jedwali au mchoro, naye hutakiwa kuteua mambo makuu, kuyaripoti na kuyalinganisha kwa maneno yasiyopungua 150. Maoni yake hayatakiwi.

Swali tunalolihakiki lina chati mbili za duara. Zahusu wanafunzi raia wa Uingereza katika chuo kikuu kimoja kisichotajwa jina, na lugha walizoweza kusema mbali na Kiingereza, mwaka 2000 na mwaka 2010. Waliosema Kihispania peke yake walikuwa asilimia 30, wakawa 35. Kifaransa peke yake 15, wakawa 10. Kijerumani peke yake 10, wakabaki 10. Waliosema lugha nyingine walitoka 15 wakafika 20, na waliosema lugha mbili walitoka 10 wakafika 15. Wasiokuwa na lugha yoyote ya ziada walikuwa 20, wakawa 10.

Mtahiniwa aliyefunzwa kwa desturi ya vitabu vya mazoezi ataandika mara moja kwamba Kihispania kilipanda, Kifaransa kilishuka, na Kijerumani kilisimama palepale. Ni sentensi nyepesi, zenye mtiririko mzuri. Lakini chati haisemi hivyo. Kilichopungua ni idadi ya wale ambao Kifaransa ndicho lugha yao pekee ya ziada. Wale wenye lugha mbili hatuambiwi ni lugha zipi, na yumkini wengi wao wanasema Kifaransa. Tukihesabu kwa uangalifu twaona kwamba mwaka 2000 wasemaji wa Kifaransa wangeweza kuwa popote kati ya asilimia 15 na 25, na mwaka 2010 popote kati ya 10 na 25. Kwa hiyo Kifaransa chaweza kuwa kilishuka, na chaweza pia kuwa kilipanda kutoka 15 hadi 25. Chati haikatai wala haikubali. Hata kupanda kwa Kihispania si jambo lililothibitishwa, kwa kuwa upeo wake wa mwaka 2000 (30 hadi 40) unapishana na ule wa 2010 (35 hadi 50).

Huenda mtu akatujibu kwamba mtihani huu wapima lugha, si hesabu. Jawabu hilo halitoshi. Neno lililopuuzwa hapa si tarakimu bali ni neno la lugha, tena dogo: "peke yake". Na anayetaka kuona uzito wake na alitafsiri swali hili kwa Kiswahili. Akiandika "wanaosema Kihispania tu", msomaji wetu ataelewa kwamba hao hata Kiingereza hawakijui! Itambidi aongeze "zaidi ya Kiingereza", na hapo ndipo msingi uliofichwa wa chati nzima utakapojitokeza: Kiingereza kimetolewa katika hesabu kabla ya kuanza.

Kitenzi nacho kina utata wake. "Kuweza kusema" ni kipimo gani? Kwetu mtu husema lugha, huisikia, huijua au huimudu, na kila neno lina daraja lake. Wengi wetu twasikia lugha ya jirani bila kuthubutu kuisema. Chati haielezi iwapo wanafunzi walipimwa au waliulizwa tu.

Lakini kinachotushughulisha zaidi ni kipande cha "lugha nyingine". Mwaka 2010 kipande hiki ni asilimia 20, yaani mara mbili ya Kifaransa peke yake, nacho hakina jina. Ni lugha zipi hizo? Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba, baada ya Kiingereza, lugha kuu za watu wengi zaidi katika nchi hizo mbili zilikuwa Kipolandi, watu wapatao 546,000, kisha Kipunjabi 273,000 na Kiurdu 269,000, zote zikiitangulia Kifaransa. Raia wa Uingereza aliyelelewa kwa Kipunjabi, yule wa Wales asemaye lugha ya mababu zake, na yule ambaye wazazi wake walitoka Mombasa au Unguja, wote wamefungwa katika furushi moja. Zilizopewa majina ni zile zilizozoeleka kufundishwa darasani. Za nyumbani zimekuwa "nyingine".

Yafaa pia kukumbuka kwamba tangu mwaka 2004 lugha za kigeni ziliacha kuwa somo la lazima katika shule za Uingereza kwa wanafunzi waliotimiza miaka 14. Vijana waliokuwa chuoni mwaka 2010 wengi wao ndio wa kwanza kupata ruhusa hiyo. Ajabu ni kwamba katika chati hii wasiojua lugha ya ziada wamepungua kwa nusu. Chuo kimoja chaweza kwenda kinyume cha nchi, ndiyo, lakini chanzo cha takwimu hakikutajwa, na mtahiniwa haruhusiwi kushangaa.

Sasa mfikirie mtahiniwa wetu mwenyewe. Ana lugha ya mama, ana Kiswahili, ana Kiingereza. Katika duara hili angewekwa miongoni mwa wenye lugha mbili za ziada, kipande ambacho mwaka 2000 kilikuwa mojawapo ya viwili vidogo kabisa, na dakika 20 zake atazitumia kukieleza kama jambo la wachache.

Tungependa walimu wa insha ya Kiswahili, ambayo kwa sehemu kubwa imeachiwa methali, hotuba na barua, wawape wanafunzi wao kazi ya kuchora duara la darasa lao wenyewe na kulieleza kwa nathari. Kabla ya kuhesabu watalazimika kuamua ni lugha ipi itolewe kwanza kama msingi, Kiingereza au Kiswahili, na Sheng iwekwe katika kipande gani.