Milango Mizito ya Great Queen Street



Jumapili moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja aliniuliza: “Mwalimu, Wamasoni wamejenga shule na hospitali. Mbona Eklezya inatukataza kuingia kwao?” Kabla sijajibu, mwenzake akadakia kwamba hao ni watu wa kunywa damu. Nikaona kwamba wote wawili wanahukumu nyumba ambayo hawajaitazama. Basi, leo tuitazame pamoja, maana nyumba husema tabia ya mwenyewe.

Nyumba ninayoisema iko London, katika njia iitwayo Great Queen Street. Ni ya tatu kujengwa mahali pale. Ya kwanza ilichorwa na Thomas Sandby, ikafunguliwa mwaka 1776. Ya sasa ilichorwa na H. V. Ashley na F. Winton Newman, ikajengwa tangu 1927 hata 1933, iwe ukumbusho wa Wamasoni waliokufa katika vita vya 1914-1918. Majina yao 3,225 yameandikwa, na maandiko hayo yamewekwa ndani ya sanduku la shaba chini ya dirisha la vioo vya rangi.

Kwa kazi ya mikono, tuseme kweli: ni nyumba nzuri. Mifupa yake ni chuma, ngozi yake ni mawe meupe, na mnara wake umesimama pembeni ambapo njia mbili zinakutana. Kiwanja kilikuwa kimepinda, lakini wajenzi hawakushindwa. Waliweka ukumbi mkubwa katikati, kwa mshazari, wakauzungushia vyumba vidogo kama kuku anavyozungukwa na vifaranga. Ukumbi huo unaweza kuketisha watu 1,700. Milango yake miwili ni ya shaba, na kila mmoja unapita tani moja. Juu, katika pembe nne za dari, mawe madogo ya rangi yanaonyesha Busara, Haki, Nguvu na Kiasi. Mkristu anayejua katekismu yake atazitambua fadhila hizo mara moja.

Lakini nina neno moja la kulaumu. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya wafu, na wafu wamewekwa mahali pa kupitia. Mtu anakutana na sanduku lao njiani, kisha anasonga mbele kwenye ukumbi wa sherehe, na huko ndiko uzuri wote umekwenda. Kwa macho yangu, sanduku lile dogo linasema zaidi kuliko ukumbi wote.

Sasa kazi zao za mapendo. Mwaka 1788 Bartholomew Ruspini, mganga wa meno, alianzisha shule kwa ajili ya mabinti wa Wamasoni waliokufa au kufilisika. Ilianza na watoto 15 tu, nayo ingali inafundisha mpaka leo. Ya wavulana ikafuata mwaka 1798. Mwaka 1933 mfalme George wa Tano alifungua hospitali yao kubwa huko Ravenscourt Park. Binti yatima aliyepata kitabu na chakula alipata kweli, na asiyekiri hivyo ni mwongo. Hata hivyo, mapendo hayo yalianzia kwa watoto wa nyumbani. Na fedha ya kujenga ukumbi ilipokusanywa, mwenye kutoa guinea 10 alipewa nishani ya fedha, na mwenye kutoa 100 akapewa ya dhahabu. Bwana wetu alitaka sadaka itolewe bila kupigiwa tarumbeta. Lakini tusicheke upesi. Je, parokiani kwetu hatusomi kwa sauti majina ya waliotoa mabati?

Jambo lingine. Mwaka 1840, mkutano mkubwa wa kupinga utumwa ulikutana katika nyumba yao ya kwanza. Sisi wa Maniema, ambao mababu zetu walitembezwa kwa minyororo, hatuwezi kuidharau sakafu ile. Hata hapo wanawake waliotumwa kutoka Marekani walikatazwa kuketi pamoja na wajumbe. Mlango ulifunguliwa nusu.

Sasa nimjibu yule kijana. Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliwakataza Wakatoliki kuingia katika chama hicho mwaka 1738, na Roma ilirudia katazo hilo mwaka 1983 na tena mwaka 2023. Roma haikataza kwa sababu ya damu, wala haichukii shule. Mwamini hawezi kula kiapo cha siri, wala kushika mafundisho yanayozifanya dini zote kuwa sawa, kisha akakiri kwamba Kristu peke yake ni njia.

Tazama watu wawili. Lord Petre alikuwa Mkatoliki na mkubwa wa Wamasoni tangu 1772 hata 1777. Ndiye aliyeweka jiwe la msingi la nyumba ya kwanza. Siku zile sheria za Uingereza ziliwafungia Wakatoliki milango ya Bunge, labda akafurahi kupata mlango mmoja uliokuwa wazi. Siwezi kupima moyo wake. Baada ya miaka mia hivi, Marquess wa Ripon alikuwa na cheo kilekile. Mwaka 1874 alitaka kuwa Mkatoliki. Alijua kwamba hawezi kushika vyote viwili, akajiuzulu, akapokelewa katika Eklezya mwaka uleule. Magazeti ya Uingereza yalimshambulia, naye hakurudi nyuma.

Kijana wangu, yatima wa Wamasoni wamelishwa, usiwatukane waliowalisha. Lakini kama unaona aibu kwamba wao wana shule nasi hatuna, dawa yake si kubisha hodi kwenye milango ya shaba. Nyuma ya kanisa letu kuna watoto wanaokaa nje kwa kukosa ada. Mlango wetu ni wa mbao, nao ni mwepisi. Tuufungue.