Ndege isiyo na rubani ina rubani: Kiswahili cha sheria za anga katika daftari la Nakuru

KATI ya maandishi yote ya Kiswahili niliyoyasoma mwaka huu, yaliyonishughulisha zaidi hayakutoka katika riwaya wala diwani. Yalitoka katika daftari la shule, lile la kurasa 96, ambalo vijana wanne wa Nakuru wamelijaza kwa kalamu za rangi tatu. Wanajiandaa kwa mtihani wa leseni ya kuongoza droni kibiashara. Wawili hupiga video za harusi, mmoja ni msaidizi wa mpima ardhi, na wa nne ametoka Molo, kwa wakulima wa viazi. Darasani wanasoma kwa Kiingereza, kanuni zenyewe za mwaka 2020 zimechapishwa kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Lakini jioni wakikaa kujadiliana wanazungumza Kiswahili, na wanachokielewa ndicho wanachokiandika. Mmoja wao ni mpwa wangu. Aliniletea daftari akasema, "Mjomba, hebu tuangalilie hii Kiswahili kama iko sawa."

Haiko sawa kila mahali. Hata hivyo, kuna kurasa ambazo zinashinda kwa mbali tafsiri za magazetini, hili letu likiwemo. Nimelisoma kama ninavyosoma kitabu chochote, na haya ndiyo maoni yangu.

Nianze na jina la chombo. Magazeti na redio zetu zimezoea "ndege isiyo na rubani", na daftari linalitumia jina hilo katika ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili una kichwa "Majukumu ya rubani". Msomaji makini atauliza: rubani yupi tena? Ndege haina rubani, halafu rubani ana majukumu kumi na moja, na asipoyatimiza anashtakiwa!

Mkanganyiko huu hatukuuzua sisi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio mama wa sheria za anga duniani, una kifungu cha 8 kinachohusu ndege zinazoweza kuruka bila rubani. Miaka mingi baadaye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilianza kupendelea jina linalosema kwamba rubani yupo, ila anaiongoza ndege kutoka mbali. Kenya nayo imeyumba: kanuni za mwaka 2017 zilikuwa na jina la "ndege inayoongozwa kutoka mbali", zile za 2020 zikarudi kwenye "isiyo na mtu ndani". Tazama lakini kwamba hata hizo za 2020 hazisemi haina rubani. Zinasema haina mtu ndani yake. Mtu huyo yuko chini, kasimama kwenye nyasi na kidhibiti mkononi, naye ndiye anayepewa leseni.

Kiswahili kina bahati ambayo hatujaitumia. Kabla ya ndege kufika pwani yetu, mabaharia walimwita rubani yule aliyekielekeza chombo. Kiini cha neno ni kuelekeza, wala halidai kwamba mwelekezaji lazima awe ameketi ndani. Kwa hiyo "ndege inayoongozwa kutoka mbali" ingetosha katika sheria, na "droni" ikatutosha mitaani. "Ndege nyuki" ya wenzetu wa Tanzania inachekesha na kupendeza, hasa kwa sauti ile ya kuvuma, ila haimwambii mwanafunzi nani anawajibika.

Kitenzi nacho kina kasoro. Daftari linasema "kurusha droni" na "mrusha droni" kila mahali, na mtaani ndivyo tunavyosema sote. Sina ugomvi na mtaa. Lakini kurusha ni tendo la mara moja: ukisharusha jiwe kazi yako imekwisha. Sheria inashughulika zaidi na dakika ishirini zinazofuata. Nimependekeza "kurusha" ibaki kwa kupaisha tu, na kazi nzima iitwe "kuongoza".

Sasa nifikie ukurasa bora kuliko yote. Sheria za kimataifa zinagawa maeneo ya anga yenye masharti katika aina tatu: yaliyopigwa marufuku, yenye vikwazo, na ya hatari. Watafsiri wetu huyaandika yote matatu kwa maneno yanayofanana hivi kwamba msomaji hawezi kuyatofautisha: "maeneo yaliyozuiwa", "maeneo yaliyodhibitiwa", "maeneo hatarishi". Vijana wameandika hivi: "Ya kwanza huingii. Ya pili unaingia ukitimiza masharti. Ya tatu unaweza kuingia, shauri yako." Sentensi tatu, na tofauti imeeleweka. Vitenzi vimefanya kazi ambayo vivumishi vilishindwa kuifanya.

Ila hilo "shauri yako" linahitaji kuchunguzwa. Mtaani maana yake ni "usije ukanililia". Katika sheria, eneo la hatari ni mahali ambapo shughuli za kuhatarisha ndege zinaweza kuwepo nyakati fulani zilizotajwa. Neno zito hapo ni nyakati. Rubani ana wajibu wa kutafuta ilani na kujua saa. Chukua siku za Safari Rally kule Naivasha, helikopta zikipita chini chini kufuata magari. Anga ya leo asubuhi si anga ya jana. Nimewashauri waandike: "Ya tatu unaweza kuingia, lakini uliza kwanza ni saa ngapi kuna nini." Mpwa wangu akaniambia hiyo ni ndefu na haitaingia kichwani. Labda.

Kwa mkazi wa Nakuru ukurasa huo si nadharia. Upande mmoja wa mji kuna kambi ya jeshi ya Lanet na kiwanja chake cha ndege. Upande mwingine kuna Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ambako hupeperushi droni bila idhini ya Shirika la Wanyamapori. Kati yake kuna nyumba, shule, magereza na barabara kuu. Mpiga picha anayeitwa harusini Lanet leo na kesho Njoro anavuka sheria tofauti ndani ya kilomita chache, wala hakuna mstari uliochorwa mawinguni.

Ukurasa unaofuata una istilahi inayonitia wasiwasi kweli: "upeo wa macho". Kanuni inamtaka rubani aione droni yake muda wote kwa macho yake mwenyewe, bila darubini. Watafsiri wengi huandika kwamba droni isivuke "upeo wa macho", na daftari limewafuata. Upeo wa macho ni pale mbingu na ardhi vinapokutana. Ukisimama juu ya Menengai siku isiyo na ukungu, upeo wako unavuka mji na ziwa hadi milima ya mbali. Droni yenye ukubwa wa sahani haionekani hata kilomita moja. Mwanafunzi anayeiamini tafsiri hiyo ataona ana ruhusa ya kuituma hadi ng'ambo ya ziwa. Kwa bahati, pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya kijani, mmoja wao ameandika: "Isikupotee machoni." Hiyo ndiyo sheria. Nimewaambia wafute ile ya buluu waache ya kijani.

Sitakaa sana kwenye "anga iliyodhibitiwa". Ni ugonjwa wa zamani wa kutafsiri kila kitendewa cha Kiingereza kwa -li-. Anga haikudhibitiwa jana ikaisha. Inadhibitiwa sasa hivi, na mtu aliye mnarani. Ni "anga inayodhibitiwa". Kibaya zaidi ni kinyume chake, "anga isiyodhibitiwa", ambayo mmoja wa vijana ameifafanua kuwa "hapa ni free". Hapana. Mnara haukuongozi hapo, lakini kanuni zote zinabaki: futi mia nne, mita hamsini kutoka kwa watu na majengo yasiyo chini ya mamlaka yako, na mengineyo. Ningependa "anga isiyo na mwongozaji", kwa kuwa inasema kinachokosekana bila kudokeza kwamba sheria nazo hazipo.

Hizo futi mia nne ndizo zilizonikesha. Daftari linasema: "Urefu usizidi futi 400." Urefu wa nini, kutoka wapi? Kiswahili tunachokitumia kila siku kina "urefu" kwa kila kitu: urefu wa kamba, urefu wa mtu, urefu wa mlima. Lugha ya anga ina vipimo vitatu tofauti, na anayevichanganya anaweza kusababisha ajali. Kuna umbali wa ndege kutoka ardhi iliyo chini yake. Kuna umbali wake kutoka usawa wa bahari. Na kuna umbali wa ardhi yenyewe kutoka usawa huo wa bahari. Mombasa vijana wangeponea, kwa sababu pwani vipimo hivi vinakaribiana. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, yaani futi 6,000 na ushei. Droni iliyo futi 400 juu ya shamba la Njoro iko futi 7,000 na zaidi kwenye hesabu ya rubani wa ndege ya kawaida. Swali la mtihani likitoa namba moja bila kukwambia ni kipimo gani, jibu linategemea neno.

Halafu kuna Menengai. Simama kwenye ukingo wa kreta, paisha droni yako mita thelathini tu, kisha iongoze mbele. Haijapanda hata kidogo. Lakini ardhi chini yake imedondoka mita mia kadhaa, na ghafla umevunja sheria ya futi 400 ilhali skrini bado inasoma thelathini, kwa kuwa droni nyingi hupima kutoka mahali ziliporukia. Neno "urefu" halitakuonya. Maneno tunayo: "kimo" na "mwinuko". Ninapendekeza kimo kiwe umbali kutoka ardhi iliyo chini ya chombo papo hapo, na mwinuko uhesabiwe kutoka usawa wa bahari, tukitaja ni wa chombo au ni wa ardhi. Hapo sentensi inakuwa: "Kimo cha droni kisizidi futi 400." Kisha uiweke juu ya Menengai uone kama haijieleweshi.

Kwa upande mwingine kuna mahali ambapo sarufi yetu inawapa vijana zawadi ambayo Kiingereza hakina haja nayo. Daftari lina sentensi: "Ndege isikaribie ndege wanaotua ziwani." Mwalimu mmoja aliyeisoma alidhani ni kichekesho. Ni Kiswahili safi. Ndege ya kwanza imechukua i-, ni chombo. Wa pili wamechukua wa-, ni heroe na mwari. Tatizo ni kwamba wengi wetu huku bara tunasema "ndege zinakula samaki", na tukiendelea hivyo tutashindwa kujua ni nani asimkaribie nani.

Najua kuna watakaoniuliza kwa nini nahangaika na haya yote wakati anga duniani inazungumza Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito na sitaibeza. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, wakafa watu 583, na maneno ya redio yaliyoeleweka visivyo yalikuwa miongoni mwa sababu. Tangu hapo matumizi ya maneno ya kuruhusu ndege kuruka yamewekewa mipaka mikali. Kwenye redio, basi, Kiingereza kibaki. Lakini Tenerife hawakukosa Kiingereza. Walikuwa nacho, wakakosa maana moja. Kijana anayekariri fasili ya Kiingereza bila kuweza kuisema kwa lugha anayofikiria nayo amebeba mzigo wa namna hiyo hiyo. Na kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha rasmi pia, si lugha ya taifa tu ya kuimbia kwenye sherehe.

Tena sheria hizi hazimhusu rubani peke yake. Kuna mama aliye Mau Narok, anapalilia viazi, akasikia kitu kinavuma juu ya kichwa chake na kamera ikimtazama. Katika Kiswahili ardhi na anga ni vinyume. Ardhini na angani hapakutani. Lakini kifungu cha 260 cha Katiba, kinapofafanua ardhi, kinataja pia anga iliyo juu yake. Wakati huo huo Mkataba wa Chicago unaipa dola mamlaka kamili juu ya anga ya nchi yake. Kifungu cha 31 kinamlinda mama huyo dhidi ya kuingiliwa faragha yake, na sheria ya 2019 ya kulinda data inagusa picha zilizopigwa. Haya yote yanamhusu, na hakuna hata moja aliloelezwa kwa lugha anayoweza kuibeba hadi kwa chifu. Atasema nini? "Kuna kitu kilipita"? Neno analolihitaji, la kumtaja aliyeshika kidhibiti kule barabarani, ni lile lile ambalo magazeti yanasema halipo: rubani.

Daftari nimelirudisha na alama za penseli. Sura ya leseni, cheti na kibali haikunipa shida. Vijana wanajua vizuri kwamba leseni ni ya mtu, cheti ni cha kampuni na kibali ni cha safari. Sura ya hali ya hewa sijaimaliza. Huko wameandika "hali ya anga" kwa maana ya mvua na upepo, na "anga" kwa maana ya mipaka ya kisheria, mara nyingine katika mstari mmoja. Nitaishughulikia juma lijalo.