Sifa za Mziba Mishono

Trela kuukuu la Airstream likishakarabatiwa, watu husifu alumini yake iliyosuguliwa ikang'aa. Mimi sifa zangu nampa aliyeziba mishono, kazi ambayo mpita njia haioni.

Matrela haya ya Kimarekani, ambayo toleo lake la Clipper lilitoka mwaka 1936, huundwa kwa mabamba ya alumini yaliyoshikwa kwa ribiti, kwa ufundi ule ule wa kuunda ndege. Ni imara, lakini kila ribiti ina tundu lake, na kila dirisha limekatwa ukutani. Jua likiwaka, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, usiku hunywea. Miaka ikipita, gundi ya mishono hukauka na kupasuka. Maji huingilia darini, yakatambaa nyuma ya ukuta wa ndani, yakatokea mbali kabisa. Mwenye trela anaposhtuka, plaiwudi ya sakafu imekwisha kuoza.

Fundi mzuri hapaki gundi mpya juu ya kuukuu. Huikwangua yote kwa kikwangulio cha plastiki, maana cha chuma huchubua alumini, kisha hupangusa kwa spiriti. Silikoni huiepuka: mabaki yake hayashiki gundi nyingine wala rangi. Huchagua gundi ya poliyurethani, inayonyumbulika bamba linapotanuka. Ni hekima ya mpiga kalafati wa majahazi, ambaye pamba yake hutulia kati ya mbao huku mbao zikivimba na kunywea.

Kisha huja mtihani wa mpira wa maji. Huanzia chini, akapanda taratibu, mwenzake akimulika tochi ndani. Akianzia juu, maji yatateremka kote asijue yameingilia wapi. Tena vitundu vya ukingo wa chini wa madirisha havizibi kamwe, ili maji yatakayopenya yapate pa kutokea.

Katika yote haya fundi humfikiria mtu asiyemjua, atakayelifungua trela hilo miaka 30 baadaye. Kumwachia mtu huyo bamba lisilochubuka, mishono inayokubali gundi mpya na sakafu nzima ni adabu, na ufundi wenye adabu kwa wajao unastahili kusifiwa kuliko wote.