Kuipima Dua kwa Hesabu

Mwaka 1872 Francis Galton, mtaalamu Mwingereza, alitoa makala katika jarida la Fortnightly Review, akitaka kupima nguvu ya dua kwa hesabu. Hoja yake ni hii: wafalme huombewa maisha marefu na taifa zima, basi yapasa waishi kuliko wengine. Jedwali alilolitumia lilikuwa na wanaume 97 wa nyumba za kifalme, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 64.04, wa mabwana wenye mashamba ulikuwa 70.22. Akakata shauri kwamba dua haifai kitu. Kejeli yake yasomeka vizuri, lakini shaka ya kuwa huenda maisha ya kifalme yenyewe ndiyo yauayo aliigusa kwa sentensi moja tu, akaipita.

Kazi ya Herbert Benson na wenzake, iliyotolewa mwaka 2006 katika American Heart Journal, ni ya uangalifu zaidi. Wagonjwa 1802 wa kupasuliwa moyo, katika hospitali sita za Marekani, waligawanywa mafungu matatu kwa kura. Walioombewa bila ya kuwa na yakini, asilimia 52 walipatwa na matatizo, wasioombewa, 51, walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, 59.

Lakini ni nini hasa kilichopimwa? Neno “sala” halifai hapa, kwani kwa Waislamu wa pwani ni ibada yenye nyakati zake, wala si ombi. “Dua” lafaa zaidi. Na hao “wasioombewa” hawakuombewa na waombaji wa utafiti tu. Jamaa zao hawakuzuiwa. Tena dawa haina hiari, hali aombwaye aweza kukataa. Lililoanguka, basi, ni dai moja: kwamba dua ya wageni hupunguza matatizo kwa kiasi kinachohesabika. Mwenye dai hilo amekwisha kujibiwa, wala asijifiche nyuma ya siri za Mungu. Kuwako kwa Mungu hakukuwamo katika mizani ile. Lugha yetu ina kitenzi kimoja, “kujaribu”, kwa kupima na kwa kutia majaribuni. Mfasiri wa makala hizi hana budi kuchagua kila mara.

Tarakimu ya 59 ndiyo inisumbuayo. Watafiti wenyewe walisema yaweza kuwa bahati tu. Yamkini pia mgonjwa, akiisha kuambiwa kwamba watu asiowajua wanamwombea, hudhani hali yake ni mbaya kuliko alivyoambiwa na daktari.