Mkasi wa Televisheni Hukata kwa Faida ya Nani?

Tunapojadili vipindi vya televisheni vinavyonunuliwa kutoka nchi za nje, mara nyingi tunauliza swali moja tu: ni sehemu gani imekatwa? Swali hilo halitoshi. Hatuna budi kuuliza pia ni nani aliyeshika mkasi, na palipokatwa pamejazwa nini.

Tuchukue mfano. Mwaka 1972 kampuni ya Tatsunoko ya Japani ilitoa katuni ya Gatchaman, ambayo ilifikia sehemu 105. Vijana watano wanapigana na Galactor, genge la dunia nzima lenye mitambo mikubwa ya vita. Mkuu wake wa siri ametoka anga za mbali, lakini askari wake ni watu wa dunia hii hii. Watu hufa, na kufa kwao huonekana.

Mwaka 1978 mfanyabiashara wa Marekani, Sandy Frank, aliitoa upya kwa jina la Battle of the Planets, ikiwa na sehemu 85. Wakati huo wazazi wa Marekani walikuwa wanavibana vituo vya televisheni vipunguze ukatili katika vipindi vya watoto. Kilio chao kilikuwa cha haki. Tutazame ubepari ulikijibu vipi.

Kwanza, vifo viliondolewa. Miji iliendelea kuteketea, ila watazamaji waliambiwa kwamba wakazi wamekwisha kuhamishwa. Pili, vita viliondolewa duniani. Adui sasa alitoka sayari ya Spectra, na mapambano mengi yalisemekana kutokea katika sayari nyingine, ingawa mandhari yalibaki yale yale ya hapa kwetu. Tatu, pengo lilijazwa na roboti mcheshi, 7-Zark-7, aliyechorwa Marekani baada ya filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 kuonyesha kwamba roboti wanauzika.

Matokeo yake ni nini? Mtoto alionyeshwa silaha zisizoua, na uovu usio na chanzo katika jamii ya wanadamu. Mlipuko unauza, kwa hiyo ulibaki. Gharama yake kwa binadamu ndiyo iliyofichwa. Hiyo ni itikadi, hata kama mwenye mkasi alifikiria soko tu. Itikadi ya kibepari haingoji amri ya serikali. Hesabu ya faida yaitosha.

Tusidhani katuni ya asili ilikuwa safi. Nayo ilitengenezwa ili iuzwe. Wala tusiseme kwamba kukata ni kosa daima. Kila jamii ina haki ya kuamua watoto wake waone nini. Lakini anayekata kwa niaba ya umma lazima autajie umma sababu zake. Kada anayeondoa picha ya maiti na kuiacha bunduki iking'ara hajamlinda mtoto. Amemfundisha kuipenda bunduki.

Basi katika vikundi vyetu vya majadiliano tuchague kipindi kimoja, tukichambue kwa maswali hayo matatu: kimekatwa nini, na nani, na pamejazwa nini.