Yai Lililochorwa Pezini

Katika ukoo wa furu, samaki wadogo wanaojulikana sana na wavuvi wa Ziwa Victoria, yumo mmoja wa Ziwa Tanganyika na mito yake, ambaye wanazuoni humwita Astatotilapia burtoni. Na kwa kuwa jike lake huatamia kinywani, na huyazoa mayai upesi, aghalabu kabla dume hajapata wasaa wa kuyarutubisha, dume hulaza ubavu mbele yake, akatandaza pezi la chini lililo karibu na mkia, lenye madoa ya duara, ya manjano iliyokoza, kila moja limezungukwa na utepe mwangavu mithili ya yai hasa, naye jike akasogeza mdomo kana kwamba anaokota lililosalia, na papo hapo akapokea shahawa. Wolfgang Wickler alikwishaeleza mwaka 1962 kuwa madoa hayo ni mwigo wa mayai. Walakini namna mwili unavyoyachora ilibaki fumbo.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, wakiwemo Emília Santos na Walter Salzburger, walitoa jawabu, na ninachokistahi mno katika kazi yao ni mizani waliyoichagua. Walilinganisha sehemu mbili za pezi lile lile, yenye madoa na isiyo nayo, wakapima kama jeni walizozishuku zinafanya kazi zaidi huku kuliko kule, hata umri, chakula, maji na nasaba, ambavyo vingewachanganya lau wangelinganisha samaki wawili mbalimbali, vikawa sawa pande zote, ikasalia tofauti ya doa, na ile ndogo ya mahali.

Katika chekecheke hilo zilisalia jeni mbili za asili moja, fhl2a na fhl2b, na hiyo ya pili ndiyo iliyofungamana zaidi na doa. Kando yake, mahali panapoamuru jeni iamke wapi na lini, furu wenye madoa wana kipande cha DNA cha jamii ihamahamayo, ambacho samaki wengine wa jamaa yao hawana.

Basi wakaitwaa sehemu hiyo ya amri, wakaitia katika samaki mdogo wa milia, mgeni kabisa wa nasaba hii, pamoja na alama ya kung'aa. Huo, kwa haki, ni ushahidi wa ugenini, si wa mwilini mwa furu mwenyewe; lakini alama iling'aa katika chembe zinazoakisi nuru, chembe za aina ile ile iliyomo ndani ya doa la furu.