Maji, Pamba na Watu Wasiojulikana

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, na tangu hapo tumezoea kuisoma shuleni kama hadithi ya umoja. Makabila yanakunywa maji, yanaungana, yanapigana na Mjerumani. Mwanafunzi anaandika kwamba dhamira kuu ni umoja, anapata maksi zake, basi. Usomaji huo unaficha swali gumu zaidi lililomo ndani yake: imani inageukaje kuwa silaha, na inapogeuka, tumuulize nani? Nadhani swali hilo linapaswa kurudishwa lilikotoka, Rufiji.

Kinjeketile Ngwale wa kwenye historia aliishi Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905. Zaidi ya karne moja baadaye, ukanda huohuo uliingia magazetini kwa jina jipya: MKIRU, yaani Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Kati ya 2016 na 2017 watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi kwa risasi: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa CCM, askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa Jaribu Mpakani. Mwezi uliofuata Simon Sirro aliteuliwa kuwa IGP, kisha ikaundwa kanda maalum ya kipolisi ya Rufiji. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Katika kata kama Dimani, Bungu na Mjawa, jioni ikawa saa ya kufunga mlango.

Maandishi mengi niliyosoma kuhusu msimamo mkali wa kidini yanatoa maelezo ya aina mbili. Ya kwanza yanasema tatizo ni mafundisho: fikra ngeni zimeingia kutoka nje, zimewapotosha vijana. Ya pili yanasema tatizo ni umaskini: mpe kijana kazi, ataweka bunduki chini. Kwa lugha ya Hussein, wa kwanza wanaona maji tu, wa pili wanaona pamba tu.

Tamthilia yenyewe haikubali mgawanyo huo. Inaanza na njaa, na wanaume waliochukuliwa kulima shamba la pamba la Mjerumani. Binti wa Kitunda anachukuliwa kwa nguvu. Manung'uniko yapo tayari kabla Kinjeketile hajaingia mtoni. Maji hayazai hasira; yanaipa jina, yanaipa ujasiri, yanawaunganisha watu ambao kila mmoja alikuwa na yake. Lakini yakishafanya hivyo, yanapata nguvu ambayo hata aliyeyaleta hawezi kuizuia. Kinjeketile anaingiwa na shaka, na vita haimsubiri.

Watafiti waliokaa na watu wa pwani hii wanakaribia hapo. Felicitas Becker, katika makala yake ya 2006 kuhusu kusini-mashariki mwa Tanzania, alionyesha vijana wa Ansar Sunna wakigombana na wazee wao juu ya taratibu za ibada. Ndani ya ugomvi huo mlikuwa na swali jingine: nani ana heshima, nani anasikilizwa. Eric Morier-Genoud, akiandika kuhusu Cabo Delgado, anaeleza kundi lililoanza kwa kujitenga na jamii na kukataa shule za serikali, miaka mingi kabla ya kushambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017.

Rufiji nayo ina kumbukumbu zake za pamba. Mwaka uleule tamthilia ilipochapishwa, Operesheni Rufiji ilikuwa inawahamisha wakulima kutoka bonde la mafuriko kwenda vijiji vya juu. Miaka ya 1990 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta, na wanavijiji wakaupinga hadi mahakamani. Kisha vikaja vizuizi vya maliasili, ambapo mchoma mkaa hukutana na dola ikiwa na kitabu cha risiti mkononi. Si ajabu kwamba mwezi Februari 2017 damu ilimwagika kwenye kizuizi cha aina hiyo.

Hapa msomaji makini atanizuia: je, huku si kuwapa wauaji udhuru? Hapana. Mfano wa Kinjeketile una mpaka wake. Wapiganaji wa Maji Maji walikabili jeshi la kigeni. Wauaji wa Kibiti waligonga mlango wa mwenyekiti wa kitongoji, jirani, mara nyingi Mwislamu mwenzao. Isitoshe, vijiji vingi vya Tanzania vilihamishwa na havikuua mtu. Dhuluma peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu anayeifanya amri ya dini. Ndiyo maana maji hayawezi kuachwa nje ya maelezo. Na pamba pia haiwezi.

Kwa nini basi hatujayapata maelezo kamili? Kwa sababu tulikubali neno moja lifunge mjadala: "watu wasiojulikana". Lilianza kama tahadhari ya mwandishi wa habari, likaishia kuwa jibu. Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia Mwananchi kutoka Kibiti na kujaribu kuwafanya wajulikane, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Mwaka 2019 Waziri Palamagamba Kabudi aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, kisha serikali ikasema kauli hiyo haikueleweka. Wito wa uchunguzi huru kuhusu MKIRU, ambao Zitto Kabwe aliutoa hadharani mwaka 2018, haukuitikiwa. Familia za waliouawa na familia za waliopotea wakati wa operesheni zinaishi kijiji kimoja, kila moja na nusu yake ya habari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji walivuka Ruvuma wakashambulia Kitaya, Mtwara. Hussein aliweza kuandika kuhusu 1905 kwa sababu wazee walisimulia na watu wakarekodi. Atakayetaka kuandika kuhusu Kibiti atakuta taarifa za polisi, vichwa vya habari, na waandishi walioogopa kuendelea. Kwa akiba hiyo hataweza kutuambia maji yalitoka wapi, wala nani aliyalipia kwa pamba.